Babu Zetu wa Sosiot Wamo kwenye Kabrasha Gani?

Mtu wa Sosiot, katika eneo la Belgut huko Kericho, anayetaka kumjua baba wa babu yake haanzi na mwaka. Anaanza na rika. Mwulize mzee wa Belgut mtu fulani alizaliwa lini, naye atakuuliza mtu huyo alitahiriwa na akina nani. Ukisema alikuwa Nyongi, umekwisha kumpa tarehe anayoihitaji. Atajua alikuwa kijana zama zipi, mabinti wa akina nani hakuruhusiwa kuwaoa, na hata baba yake asingeweza kuwa wa rika gani.

Wakipsigis wana marika saba yanayozunguka: Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kaplelach, Kipnyige na Nyongi, kisha Maina tena. Kila rika, ibinda kwa lugha ya wenyewe, huchukua takriban miaka 15, hivi kwamba jina hurudi baada ya karne moja na ushei. Mtoto haingii rika linalofuata moja kwa moja lile la baba yake. Lazima jingine lipite katikati. Basi aliyeambiwa tu kwamba babu fulani alikuwa Nyongi anajua papo hapo kwamba baba wa babu huyo hakuwa Kipnyige. Alikuwa Kaplelach, au wa kabla ya hapo. Nyongi walitahiriwa karibu na zama za Vita vya Kwanza vya Dunia. Rudi nyuma marika mawili na unafikia watu waliokuwa wamekomaa kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901, na hujafungua karatasi hata moja.

Nalitanguliza hili kwa sababu naona vijana wa Kericho na Bomet wakitafuta ukoo wao kwa kutafuta vyeti, na wasipovipata wanakata shauri kwamba kwao hakuna historia iliyohifadhiwa. Historia ipo. Imegawanyika mafungu mawili ambayo hayajawahi kukaa chumba kimoja: moja liko vichwani mwa wazee, jingine limo kwenye makabrasha ya serikali na ya kampuni za chai, mengi yakiwa Nairobi na Uingereza. Fungu la pili litatungoja. La kwanza linazikwa kila wiki.

Baada ya rika huja ukoo, oret. Kila ukoo una mnyama au kitu cha maumbile unachojitambulisha nacho: Talai wana simba, Kipkoiitim wana ndovu, Kipasiso wana jua. Ukoo haukai mahali pamoja. Watu wa oret moja utawakuta Sosiot, Litein, Sotik na Londiani, na majirani wa kokwet moja, wanaosaidiana kulima na kuamua kesi za mifugo, mara nyingi ni wa koo tofauti. Kwa hiyo anayechora mti wa familia kwa kufuata kijiji atawaingiza watu wasio wake na kuwaacha walio wake. Zipo pia koo zinazosimulia kwamba mwanzo wao ni Kisii au Umaasaini: watoto waliopokewa wakati wa njaa, mateka wa vita, wageni waliopewa mke na ng'ombe wakabaki. Wengine hulisema hilo kwa sauti ya chini. Sioni kwa nini. Taifa lililojua kumfanya mgeni kuwa mtoto wa nyumbani, likampa rika na oret, lina jambo la kujivunia, na hasa katika kaunti ambako kila uchaguzi huja na swali la nani ni mwenyeji.

Majina ndiyo huwapoteza wengi. Mtoto hupewa jina la hali ya kuzaliwa kwake: Kiprotich alizaliwa ng'ombe wakirudi nyumbani, Kipkoech alfajiri, Chebet mchana, Cherop mvua ikinyesha. Lipo pia jina la kurenet. Kinamama hutaja majina ya jamaa waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, na jina litakalotajwa mtoto akapiga chafya ndilo lake, kwa kuwa ndiye aliyerudi. Kwa mtafuta ukoo hakuna jina lenye thamani kuliko hilo, maana linamfunga mtoto na marehemu fulani wa upande fulani wa familia. Nalo ndilo lisiloandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Mwenye kulijua ni nyanya aliyekuwapo siku hiyo, na akiondoka limeondoka.

Kisha kijana akishatahiriwa huitwa kwa jina la baba yake. Mwana wa Kiprotich anakuwa arap Rotich, na mwana wa huyo naye atachukua jina jingine. Ndivyo ilivyokuwa hadi misheni, shule na ofisi za serikali zilipoanza kuandika watu na kuligandisha jina la mtu mmoja kuwa la kizazi chote. Rotich wawili waliokaa dawati moja huenda hawana undugu hata kidogo, na ndugu wa tumbo moja waliosajiliwa na makarani tofauti huenda wana majina ya mwisho yasiyofanana. Mpaka wa mabadiliko hayo ni miaka ya 1920 na 1930, wakati misheni ya Litein, na baadaye ya Tenwek, zilipokuwa zikibatiza, na shule ya serikali ya Kabianga, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilipokuwa ikiwaandikisha wavulana. Rejesta za zama hizo ni za kushikwa kwa mikono miwili, maana mara nyingi ndipo pa kwanza ambapo jina la nyumbani na jina la ubatizo yamekaa mstari mmoja.

Upande wa wanawake ndio unaodai subira zaidi, na ndio uliopuuzwa na waandishi wengi. Mume mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, kila moja na ng'ombe wake, na urithi ulikwenda kwa nyumba, si kwa kichwa cha mtoto. Kwa hiyo swali la maana si "baba yake ni nani?" tu bali pia "ni wa nyumba ya nani?" Tena upo utaratibu wa kitum chi toloch: mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwenzake, akatoa mahari kwa ng'ombe wake mwenyewe, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake na hurithi mali yake. Katika miti ya ukoo inayochorwa kwa fomu zilizochapishwa Ulaya, kibibi huyo hana kisanduku. Wengi humwacha, au humbandika jina la mwanamume ambaye hakuwa na haki yoyote juu ya watoto wale. Huko ni kumfuta mtu aliyetumia mifugo yake yote ili asifutwe. Mwaka 2011 Mahakama Kuu, ikikaa Mombasa, ilitambua ndoa ya namna hiyo katika kesi ya urithi iliyohusu mila za Wanandi, ndugu wa karibu wa Wakipsigis, na kumpa mke aliyeolewa na mwanamke haki ya kurithi. Mahakama ilikubali ushahidi wa mila. Nasi kwenye daftari zetu za familia tuukubali.

Huko Uingereza, katika miji midogo ya soko yenye kanisa moja na mtaa mkuu mmoja, kazi hii ina njia iliyokwisha kusawazishwa. Mwaka 1538 kila kasisi wa parokia aliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Sensa ilianza mwaka 1801, na tangu 1841 ikawa inaorodhesha majina ya watu nyumba kwa nyumba. Mwenye kutaka babu zake huingia makaburini akasoma mawe. Sisi hatukuwa na mawe. Wakipsigis wa zamani walimlaza maiti nje upande wa magharibi awe wa wanyama, na walizika wachache tu, kama mzee wa umri mkubwa sana au mtoto mchanga, penye samadi karibu na zizi. Asiyejua hilo atazunguka mashamba akitafuta makaburi ambayo hayakuwahi kuchimbwa. Kaburi la mawe lilikuja na Ukristo na walowezi. Mjini Kericho liko kanisa la Holy Trinity, lililojengwa miaka ya 1950, la mawe, lenye sura ya parokia ya kijijini Uingereza.

Lakini historia ya miji ile ya Kiingereza na ya Sosiot hazikuwa mbalimbali kiasi hicho. Mwezi Juni 1905 jeshi la Waingereza lilipelekwa kuwaadhibu Wakipsigis wa Sotik kwa kuwa walichukua ng'ombe wa Wamaasai na kukataa kuwarudisha. Watu zaidi ya 1,800 wanatajwa kuuawa, wanawake na watoto wakiwamo, na maelfu ya mifugo yakaswagwa. Kisha vita vikuu vikaja vikapita, na mwaka 1919 serikali ya kikoloni ikatenga ekari 25,000 karibu na Kericho kwa ajili ya maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Maafisa hao walitoka katika miji kama ile ninayoitaja. Walipewa ardhi iliyokuwa malisho na mashamba ya Wakipsigis walime kitani. Bei ya kitani ilianguka mara baada ya wao kufika, mradi ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 ardhi ikaishia mikononi mwa kampuni mbili za chai, Brooke Bond na James Finlay. Haikurudi kwa wenyewe. Kijani kile kinachopigwa picha na kila msafiri apitaye Kericho kilianza hivyo.

Linganisha sasa. Mji mdogo wa Kiingereza una mnara wa mawe wenye majina ya vijana wake waliokufa katika vita vile, na aliyerudi mlemavu alikuwa na nafasi ya kupewa shamba Kericho. Wapagazi wa Afrika Mashariki waliobeba mizigo ya vita hivyo hivyo walikufa kwa makumi ya maelfu kwa kuhara, malaria na njaa. Nairobi wamewekewa sanamu ya watu watatu tangu 1928, isiyo na jina la mtu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo familia ya Belgut inaposema babu fulani "alikwenda vita vya Wajerumani asirudi," sentensi hiyo moja ndiyo mnara wake wote. Iandikwe. Iandikwe pamoja na rika lake, oret yake na jina la mke aliyebaki akimngoja.

Karatasi zipo, na anayezitafuta inampasa ajue zilivyofikiri. Kwanza, asitafute "Kipsigis." Kwa miongo ya mwanzo Waingereza waliwaita Lumbwa, jina walilolipokea kwa majirani na ambalo wenyewe hawakulipenda, hata stesheni ya Kipkelion iliitwa hivyo. Ripoti za kila mwaka za wilaya, zilizoko katika Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue jijini Nairobi, zimejaa Lumbwa. Pili, atafute kipande. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi kubeba cheti chenye alama za vidole na kumbukumbu za waajiri wake, ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Wazee walikichukia, na walikuwa na haki. Ila kikebe kilichosahauliwa juu ya dari ya nyumba ya babu kina jina la baba yake, lokesheni yake, chifu wake, hata rika lake la tohara, kwa kuwa karani wa kikoloni naye alikuwa amejifunza kwamba bila rika hamjui mtu. Msikitupe.

Tatu, kuna yale yaliyosafirishwa. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau, serikali ya Uingereza ililazimika kukiri kwamba ilikuwa imeficha huko Hanslope Park mafaili karibu 8,800 kutoka makoloni 37, Kenya ikiwamo kwa mafaili yapatayo 1,500. Sasa yako katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, mtaani Kew, London. Mwenye kuwa na jamaa masomoni kule ana mjumbe.

Vipo pia vitabu. Mwingereza Ian Orchardson, mtoto wa mchoraji mashuhuri Sir William Quiller Orchardson, aliishi miaka mingi miongoni mwa Wakipsigis na kuandika mila zao. Maandishi yake yalihaririwa na Matson na kuchapishwa mwaka 1961. Mwanaanthropolojia Peristiany alichapa utafiti wake mwaka 1939, Henry Mwanzi historia yake mwaka 1977, naye Taaitta Toweett, mwanasiasa na mwanaisimu wa kwao hapa hapa, akakusanya masimulizi mwaka 1979. Kila kimoja kilitokana na wazee walioketi wakasimulia. Majina mengi ya wazee hao hayajulikani na wasomaji, na hilo linanisumbua, kwa sababu wao ndio waandishi wa kwanza wa vitabu vile.

Kwa nini haya yote yana uzito kuliko kiu ya kujua tu? Tazama ukoo wa Talai. Humo ndimo walimotoka orgoiyot, viongozi wa kiroho ambao Waingereza waliwaona kuwa adui mkuu. Koitalel arap Samoei, orgoiyot wa Wanandi, alipigwa risasi na afisa wa Kiingereza Meinertzhagen huko Nandi mwezi Oktoba 1905. Ndugu yake Kipchomber arap Koilegen, aliyekuwa orgoiyot wa Wakipsigis, alikamatwa pamoja na ndugu zake mwaka 1914 akapelekwa Fort Hall, Murang'a ya leo, na huko akafa mwaka 1916. Halafu mwaka 1934 ikatungwa sheria mahususi ya kuwaondoa Talai wote, wanaume, wanawake na watoto, watu wapatao 700, wakatupwa Gwassi kando ya Ziwa Viktoria, penye mbung'o na malaria. Walirudishwa mwaka 1962 wakiwa hawana mashamba ya kurudia.

Walipodai haki, walitakiwa kuthibitisha wao ni nani. Nani alikuwa mtoto wa nani, nani alizaliwa Gwassi na nani alifia huko, boma la nani lilikuwa kilima gani kabla ya chai. Hayo hayakujibiwa na hati miliki. Yalijibiwa na vizazi vilivyokaririwa na wazee, vikapangwa sambamba na barua za maafisa wa kikoloni wenyewe. Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilikubali kwamba Wakipsigis na Talai walitendewa dhuluma ya kihistoria. Mwaka 2021 wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa wakaitaka Uingereza ijieleze, na Agosti 2022 kesi ikawasilishwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Fidia bado. Lakini kila hatua iliyopigwa ilisimama juu ya kumbukumbu za familia, na familia isiyojua nyumba zake haiwezi kusimama mbele ya tume yoyote.

Kuna watu wengine wa nchi hii ya chai ambao hawasemwi hata kidogo katika habari za mizizi: waliozaliwa kwenye laini, yaani nyumba za wafanyakazi ndani ya mashamba makubwa. Babu alikuja kuchuma majani kutoka Kisii, Nyanza au Magharibi, mtoto akazaliwa laini, mjukuu akasoma shule ya shambani. Siku ya kustaafu kampuni inataka nyumba yake, na mzee anaulizwa kwao ni wapi. Machafuko ya 1992 na ya baada ya uchaguzi wa 2007 yaliwang'oa wengi wao usiku mmoja, picha na vyeti vikabaki ndani. Historia yao ya maandishi iko karibu yote kwenye rejesta za kampuni: siku ya kuandikwa kazi, jina la mke, watoto, zahanati. Mwaka 2023 James Finlay iliuza mashamba yake ya Kenya kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka, nayo yaliyokuwa ya Brooke Bond na kisha Unilever yamebadili wenyewe tangu 2022. Ardhi, viwanda na mitambo huhesabiwa katika mauzo. Rejesta za wafanyakazi wa mwaka 1930 au 1955 nani anazihesabu? Ni karatasi za biashara kwa mnunuzi, lakini kwa maelfu ya watu ndizo parokia yao. Serikali ya Kaunti ya Kericho inayo haki ya kuziomba, au nakala zake, kabla mtu hajazichoma kwa kusafisha stoo, na Chuo Kikuu cha Kabianga hakiko mbali na Sosiot, kikiwa na wanafunzi wa historia wanaotafuta mada za utafiti.

Kwa familia, kazi ni ya likizo ya Desemba, wakati watu wamerudi nyumbani. Simu inatosha kurekodi. Mwachie mzee aongee Kipsigis, hata kama mjukuu wa Nairobi ataelewa nusu. Tafsiri itafanywa baadaye, sauti haitapatikana tena. Aulizwe rika na siritiet yake, yaani kundi lake ndani ya rika, alikaa menjo, nyumba ya jando, na akina nani, oret ya mama yake, alizaliwa nyumba ya nani, jina la kurenet la kila mtoto, ng'ombe walinyweshwa mto gani kabla ya ua kujengwa. Aulizwe lini babake alizungushia shamba ua, kwa kuwa Wakipsigis walianza kujikatia mashamba ya mtu mmoja mmoja tangu miaka ya 1930, na ugomvi mwingi wa mpaka unaofika kwa chifu leo ulianza siku ile ua ulipochomekwa. Nyanya aulizwe peke yake, si mbele ya wanaume, maana ndiye mwenye majina.

Na anayetaka kuanza na karatasi aanze na ushahidi wa Tume ya Ardhi ya Kenya, ile iliyoongozwa na Carter. Majuzuu yake matatu yalichapishwa mwaka 1934, nayo yana madai ya ardhi ya jamii mbalimbali za Kenya, ya Walumbwa yakiwamo. Yanasomeka pale Moi Avenue siku za kazi.